Ukeketaji: Jeraha linaloingia mpaka kwenye ndoa

Mkeo akijikunja kila unapomkaribia, usifanye haraka kusema ana kiburi au hakutaki. Kama alikeketwa utotoni, huenda ni maumivu, au hofu ya wembe wa siku ile.

Kinembe kina mishipa mingi ya fahamu, nacho ndicho chanzo kikubwa cha raha ya mwanamke katika tendo la ndoa. Kikikatwa, hamu na raha huweza kupungua. Kovu nalo huwa gumu, halivutiki, na tendo likawa adha. Aliyeshonwa, kama ilivyokuwa desturi kwa Wasomali wengi, njia yake hubanwa, na usiku wa harusi hugeuka mateso.

Moyo nao hujeruhiwa. Binti alishikwa kwa nguvu na watu aliowaamini, pengine mama na shangazi. Ukubwani humjia ndoto za kutisha, wasiwasi na sonona.

Dada yangu, usione haya, tiba ipo. Nendeni hospitali wote wawili. Aliyeshonwa hufunguliwa kwa upasuaji, na ushauri nasaha huwasaidia wengi. Mume asubiri, asilazimishe.

Wala tusiisingizie dini. Hakuna aya inayoamrisha jambo hili, na mwaka 2007 aliyekuwa Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, alitangaza kuwa ni haramu. Tanzania nayo ilipiga marufuku kuwakeketa walio chini ya miaka 18 mwaka 1998.

Binti yako mwache kama Mola alivyomuumba. Wabillahi tawfiq.