Kubana faili: somo la kompyuta kongwe kwa vijana wa Ganze

Kijana wa Bamba au Vitengeni anayeomba kazi au basari kwenye mtandao hukutana na sharti hili mara nyingi: faili isizidi uzito fulani. Picha ya cheti aliyoipiga kwa simu inakataliwa. Anajaribu tena na tena mpaka bando linaisha, kisha analipa saiba wampunguzie. Kwa kaya inayohesabu kila shilingi, hilo si jambo dogo.

Kubana faili ni kama daftari la deni dukani. Mwenye duka haandiki “unga wa mahindi kilo mbili” mara kumi. Huandika mara moja, na mistari ya chini hutia alama ya “kama juu”. Kompyuta nayo hulipa nambari fupi fungu la herufi linalojirudia. Faili ikifunguliwa, kila herufi hurudi mahali pake. Wataalamu Jacob Ziv na Abraham Lempel walieleza njia za namna hii mwaka 1977 na 1978.

Mwaka 1985 ilitoka programu iitwayo ARC, iliyobana faili kadhaa na kuzifunga pamoja. Iliandikiwa kompyuta za IBM, ambazo kumbukumbu yake iliweza kufika kilobaiti 640. Lakini majumbani wengi walikuwa na Commodore 64 ya mwaka 1982, yenye kilobaiti 64 tu, na diski yake ilibeba takriban kilobaiti 170.

Kunakili ARC na kuiweka humo hakungefaa kitu, kwa sababu prosesa ilikuwa ya aina nyingine na haikuelewa amri zile. Ilibidi programu iandikwe upya. Orodha ya mafungu 4,096 ya herufi, kila moja likichukua baiti tatu, hula kilobaiti 12, karibu moja kwa tano ya kumbukumbu yote. Hata herufi kubwa na ndogo zilipangwa kinyume kwenye Commodore, kwa hiyo maandishi yalihitaji kugeuzwa. Pamoja na hayo yote, waandishi wa programu waliifanya kazi hiyo ikakamilika. Hawakumwambia mwenye mashine ndogo akanunue kubwa.

Kenya nayo ilionja faida hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijaenea, kituo cha mazingira cha ELCI jijini Nairobi kilitumia mtandao wa Fidonet kubadilishana barua na GreenNet ya London kupitia laini ya simu. Dakika za simu ya ng'ambo zilikuwa ghali. Barua zilikusanywa, zikabanwa, zikapelekwa kwa mkupuo.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Picha ya simu huwa imeshabanwa tangu inapopigwa, ndiyo maana kuitia kwenye faili ya zip hakuipunguzi kitu cha maana. Dawa yake ni kupunguza picha yenyewe. Kwanza kata kingo, meza na kivuli visionekane, ibaki karatasi tu. Kisha punguza vipimo vyake kwa programu ya picha iliyo kwenye simu. Ukijitumia kwa WhatsApp kama picha, si kama hati, nayo hupungua. Lakini tahadhari: kupunguza huku si kama kule kwa duka. Kinachotupwa hakirudi. Weka ile picha ya kwanza, na uhakikishe jina, nambari na muhuri vinasomeka kabla ya kutuma.

Mafunzo haya ni ya nusu saa. Vyuo vya ufundi na vikundi vya vijana Ganze vinaweza kuyatoa bila kununua kifaa chochote.

Hata hivyo, mzigo usiachiwe mwombaji peke yake. Tovuti inaweza kutengenezwa ili ipunguze picha ndani ya simu yenyewe kabla haijatumwa, na bando likasalimika. Ikiwa miaka ya 1980 watu walihangaika kuitosheleza mashine ya kilobaiti 64, wanaojenga tovuti za umma leo wana udhuru gani mbele ya kijana wa Vitengeni mwenye simu ndogo na bando la shilingi 20?