Mbio si za wanaume peke yao

Mei 2024, Beatrice Chebet, binti wa Londiani, Kericho, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54. Kabla yake hakuna mwanamke aliyeshuka chini ya dakika 29. Agosti akatoka Paris na dhahabu mbili.

Kule Kericho na Bomet, nchi ya chai, kuna mambo mawili. Hewa ya mwinuko ni nyepesi, hivyo damu huzoea kubeba oksijeni zaidi. Pili, msichana akikimbia barabarani alfajiri hakuna anayemshangaa. La kwanza Pwani hatuna. La pili li mikononi mwetu wazazi.

Na tusisingizie dini: Paris hiyo hiyo, Sifan Hassan alipokea dhahabu ya marathoni akiwa amevaa hijabu. Binti akiomba viatu vya mazoezi, tumnunulie.