Kazi Saudia au Qatar Bila Digrii: Angalia Pesa Yako Inaenda kwa Nani

Ukisimama Kanduyi pale magari ya Malaba yanapopita, hutakosa karatasi imebandikwa kwenye nguzo: kazi Qatar, Saudia, Dubai, Form Four inatosha, piga simu. Wengine wanaupata ujumbe huohuo kwenye WhatsApp ya chama au ya kwaya. Kazi zenyewe zipo. Wakenya wengi wasio na digrii wanafanya kazi Ghuba kama wasaidizi wa nyumbani, madereva, mabawabu, wahudumu wa hoteli na wasafishaji, na Saudia ni kati ya nchi zinazotuma pesa nyingi zaidi Kenya. Shida ni kwamba karatasi ya ukweli na karatasi ya uongo zinafanana. Tofauti huanza kuonekana pesa inapoitishwa, na hapo ndipo simu yako inaingia.

Kwanza, Asia ipi?

Nchi za Ghuba ziko Asia, na kwa Mkenya wa kidato cha nne ndizo zenye njia iliyonyooka zaidi. Kwingine, pole pole. Korea Kusini ina mpango wake wa kuajiri watu wasio na digrii, unaitwa EPS, lakini unachukua watu kutoka nchi zilizotia saini makubaliano nayo tu, na zote ni za Asia. Kenya haimo. Kwa hivyo mtu akikuuzia nafasi ya EPS, huna haja ya kumsikiza zaidi.

Thailand nayo imeumiza watu. Tangu 2022 vijana wa Kenya wameahidiwa kazi za kupokea simu au mauzo huko, wakafika Bangkok, kisha wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mitandaoni. Wengi wao walikuwa na elimu nzuri na kompyuta wanaijua, kwa hivyo tusidhani wanaodanganywa ni wale ambao hawajasoma.

Gharama halali ni ndogo kuliko unavyoambiwa

Hebu tupige hesabu. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 tangu Machi 2024. Cheti cha tabia njema kutoka DCI ni 1,050 ukijumlisha ada ya eCitizen, na alama za vidole unaweza kupigwa Huduma Centre ya Bungoma au ya Kitale. Vyote viwili unaomba mwenyewe kwenye eCitizen na kulipa kwa Paybill 222222. Hapo hata elfu tisa hujafika. Kwa pasipoti utaongeza nauli, maana lazima ufike mwenyewe kwenye ofisi ya uhamiaji, kwa mfano Eldoret au Kisumu. Hakuna "mtu wetu ndani" unayehitaji kumtumia pesa.

Kisha kuna uchunguzi wa afya. Kwa nchi za Ghuba miadi yake inachukuliwa kwenye mfumo unaoitwa Wafid, zamani GAMCA, na majibu yanaingia kwenye mfumo huohuo. Anayesema atakuletea cheti cha afya bila wewe kutolewa damu anakuuzia karatasi tu. Wanaoenda kufanya kazi za nyumbani pia husomea kazi hiyo na kufanya mtihani wa NITA kabla ya kuondoka.

Sasa sikiza hapa. Kwa kazi ya nyumbani Saudia, viza, tiketi ya ndege na ada ya ajenti ni juu ya mwajiri. Yeye ndiye anamlipa ajenti ili wewe ufike. Sasa ile elfu 150 ambayo familia inauza ng'ombe kuitafuta ni ya nini? Tuseme mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi. Kwa dola ya shilingi 129 hivi, hiyo ni kama elfu 34. Elfu 150 ni zaidi ya miezi minne ya kazi, bila kula, bila kutuma nyumbani hata shilingi. Na ukiwa uliikopa, riba inaendelea kuhesabu wakati wewe bado unazoea joto la Riyadh.

Ajenti ana leseni, au ana ofisi tu?

Tunaongea juu ya ajenti wa kazi, si yule wa kutoa pesa dukani. Ajenti wa kazi za nje lazima awe na leseni ya serikali, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, huweka majina ya wenye leseni kwenye mtandao wake. Soma jina lote, herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda kuazima jina la kampuni halali na kulipindua kidogo. Angalia pia kama leseni bado haijaisha. Mwaka wa 2014, baada ya malalamiko ya mateso kuzidi, serikali ilisimamisha kupeleka wafanyakazi Mashariki ya Kati na kufuta leseni za ajenti zaidi ya 900. Watu wakaanza kuruhusiwa tena 2017, kwa masharti makali zaidi. Kwa hivyo cheti kilichotundikwa ukutani bila tarehe inayosomeka hakikusaidii.

Broka wa kijijini ni hadithi ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi ni shemeji au rafiki wa mjomba, na kumuuliza leseni unaonekana huna adabu. Usimuulize leseni yake. Muulize jina la kampuni anayoifanyia kazi, useme unataka kwenda ofisini ukajiandikishe mwenyewe. Kama ni kweli, hatakasirika.

Mkataba usainiwe hapa, si uwanja wa ndege

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nje uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na ushuhudiwe na afisa wa leba. Kabla ya kuushuhudia, afisa huyo anatakiwa aridhike kwamba umekubali bila kulazimishwa wala kudanganywa, umeyaelewa masharti, na afya yako inaruhusu. Ni haki nzuri sana ambayo wengi hawaijui. Muulize ajenti: mkataba wangu utashuhudiwa lini, na wapi? Akikwambia utaupata ukifika, ama utaondoka na viza ya matembezi kisha "itabadilishwa huko", simama. Viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, na mfanyakazi asiye na karatasi hana mahali pa kudai mshahara.

Kwenye mkataba tafuta jina la mwajiri, kazi yenyewe, mshahara kwa sarafu ya huko, siku ya mapumziko, na nani analipa tiketi ya kurudi. Kwa Qatar una kipimo kizuri: tangu Machi 2021 mshahara wa chini kisheria ni riyali 1,000, na kama mwajiri hakupi malazi anaongeza 500, chakula 300. Sheria hiyo inawahusu pia wafanyakazi wa nyumbani. Mkataba unaotaja chini ya hapo una kasoro.

Kabla hujaweka PIN

Ukilipa, jina la mpokeaji linatokea kabla pesa haijaondoka. Lisome. Kampuni yenye leseni haina sababu ya kupokea ada kwa laini ya mtu binafsi, halafu kesho laini nyingine. Ukilazimika kulipia kitu, omba risiti yenye jina lilelile lililo kwenye leseni, na usifute ujumbe wa malipo. Ujumbe huo una tarehe, kiasi, jina na nambari ya muamala, na ndio ushahidi utakaopeleka polisi au kwa afisa wa leba. Kumbuka kurudisha muamala hufanya kazi vizuri ukikosea nambari na ukaripoti haraka. Ukitapeliwa na mtu akatoa pesa zote dakika ile, sisi hatuna kitu cha kurudisha.

Na usimwachie mtu yeyote laini yako na PIN "akusaidie na mambo ya viza".

Ukishafika

Tangu Julai 2024 Saudia ilianza, hatua kwa hatua, kuwataka waajiri walipe wafanyakazi wa nyumbani kupitia benki na pochi za simu zilizounganishwa na mfumo wa Musaned, mfumo uleule unaosajili mikataba yao. Hilo linakufaa kuliko pesa mkononi, kwa sababu mwezi usiolipwa unaonekana. Ubalozi wetu Riyadh, Doha au Abu Dhabi ukikuuliza ni miezi mingapi hujalipwa, una la kuonyesha. Andika nambari ya ubalozi kwenye karatasi pia, maana simu inaweza kuchukuliwa.

Wakati wa kutuma nyumbani, usiangalie ada pekee. Angalia na kiwango cha kubadilisha. Ukituma riyali 500, na mmoja anakupa shilingi 34.40 kwa riyali na mwingine 33.40, huyo wa pili amekukata shilingi 500 hata kama ameandika "bila ada". Na si lazima zote ziende kwa mtu mmoja nyumbani. Kabla ya kusafiri, uliza kama laini yako ya Kenya itaendelea kupokea ujumbe ukiwa nje na inahitaji nini isifungwe. Ikiwa hai, unaweza kujitumia kiasi wewe mwenyewe kila mwezi, na hizo ukazikuta siku ya kurudi.