Sheria ya Umeme Hupimwa Jikoni

Katika mtaa wa Kibenga, kusini mwa jiji la Bujumbura, karibu na ufuko wa Ziwa Tanganyika, kuwa na waya nyumbani si kuwa na umeme. Umeme ukikatika kutwa nzima, samaki huoza katika jokofu, sare za shule hazipigwi pasi, na mtoto husoma kwa mshumaa. Kwa sababu hiyo sheria ya umeme, ambayo wengi huidhania kuwa ni shughuli ya mawaziri na mawakili, ni jambo la nyumbani.

Kwa miaka mingi kazi ya umeme nchini Burundi ilikuwa mikononi mwa shirika la umma, REGIDESO, ambalo pia husambaza maji mijini. Tegemeo lake kubwa lilikuwa bwawa la Rwegura, katika eneo la Kayanza, lililoanza kazi mwaka 1986 likiwa na uwezo wa megawati 18. Mvua zikiadimika, maji hupungua bwawani, na giza huingia mijini.

Mwezi Agosti 2000, nchi ikiwa bado vitani, ilitungwa sheria ya kuwafungulia mlango wawekezaji binafsi. Mwezi Aprili 2015 ikafuata sheria nyingine, ya kuipanga upya sekta ya umeme. Lakini mlango kufunguliwa si mgeni kuingia. Kituo cha umeme wa jua cha Mubuga, karibu na Gitega, kilichojengwa kwa mtaji binafsi na chenye megawati 7.5, kilianza kazi mwaka 2021. Tangu sheria ile ya kwanza, miaka 21 ilikuwa imepita.

Vita vilikuwa na sehemu yake katika kuchelewa huko. Lakini hata penye amani, mwenye mtaji huuliza: nani atanunua umeme, kwa bei gani, kwa miaka mingapi, na nani atakuwa mwamuzi ukizuka ugomvi? Sheria isiyofuatwa na kanuni na mikataba iliyo wazi haimjibu.

Suala la bei ndilo zito kuliko yote. Ikiwa ndogo mno, shirika hukosa fedha za kutengeneza mitambo na nyaya. Ikiwa kubwa mno, mama huizima taa na kurudi kwenye makaa. Ndiyo maana anahitajika mdhibiti asiyeelemea upande wowote.

Mwaka 2022, takriban Mrundi mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyekuwa na umeme. Maporomoko ya Rusumo, yenye mitambo ya megawati 80 inayomilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania, yameongeza matumaini. Hata hivyo, wananchi wana haki ya kuuliza, kila mswada unapoandikwa: umeme ukikatika, nani atawajibika? Sheria isiyoweza kulijibu swali hilo bado haijafika jikoni.