Ulimwengu kwa Kozi Sita

Kijana aendaye kusoma chuo kikuu Marekani huchagua somo kuu, na akipenda huongeza somo dogo pembeni, mfano wa achari kando ya biriani. Miongoni mwa masomo hayo madogo limo liitwalo taaluma za ulimwengu. Humo hufundishwa biashara baina ya mataifa, uhamaji wa watu, dini, vita, na maradhi yasiyojua mipaka.

Mzazi aliyeuza shamba la minazi ili mwanawe avuke bahari ana haki ya kuuliza: lamfaa nini hili? Lamfaa. Daktari ajuaye kwa nini watu huyakimbia makwao ni bora kuliko ajuaye mifupa peke yake.

Ila somo lenyewe aghalabu ni kozi tano au sita tu katika shahada ya miaka minne, na viko vyuo ambako mwanafunzi huzimaliza zote kwa Kiingereza, asijue hata kumwamkia mtu wa nchi anayoisoma. Hapo ndipo penye walakini. Sisi tuliosomea ubao kwa mwalimu wa Kurani twajua kuwa mtoto aweza kuyasoma maneno asiyoyafahamu. Hawa wataka kuwafahamu watu ambao maneno yao hawayasikii kabisa!

Haikuwa hivyo daima. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani waligutuka, na mwaka 1958 wakatunga sheria ya kugharimia mafunzo ya lugha za kigeni. Kiswahili nacho kilipata fungu lake, na wakatokea wataalamu waliokuja kukaa mabarazani mwetu wakasikiliza. (Nia ilikuwa vita baridi, si mapenzi, lakini faida tuliiona.)

Upepo umegeuka. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha West Virginia kikaamua kufuta shahada 28, zikiwamo za lugha za kigeni.

Basi kijana wetu akilichagua somo hili, na alifunge pamoja na lugha. Asiridhike na alama za bure kwa Kiswahili alichokulia nacho. Ashike Kichina, Kireno au Kiarabu. Na kabla ya kujiandikisha aulize kama chuo hicho kingali na mwalimu wa lugha hiyo.