Somo la Jioni: Deni la Masomo Halifi kwa Kunyamaza

Jioni ya leo tunazungumza na watu wa Lembeni, na kwa hao tunazungumza na Upare wote, toka Mwanga hata Same, tambarare na milimani. Jambo letu ni mkopo wa masomo ya chuo ambao haukulipwa kwa wakati wake. Tutauliza maswali manne. Deni hili ni la nani? Hukua vipi? Humfanya nini mtu anapotaka mkopo mwingine? Na aliyechelewa ashike njia gani? Chukua kalamu, maana ziko hesabu kidogo.

Tuanze na jambo unalolijua. Huko milimani wazee wetu walichimba ndiva. Maji ya kijito huingia katika ndiva usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yapite mferejini kwenda mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Anayezuia maji baada ya zamu yake kwisha haibi maji ya ndiva, maana ndiva haili wala hainywi. Anaiba maji ya jirani aliye chini yake. Na asiyekuja msaragambo wa kuzoa tope anaijua aibu yake mwenyewe.

Mkopo wa masomo ni ndiva ya namna hiyo. Katika Tanzania wanafunzi wa elimu ya juu walianza kuchangia gharama kwa njia ya mkopo katika miaka ya 1990. Kisha ikatungwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Bodi hukopesha wanaosoma sasa, nayo hukusanya kwa waliokwisha kusoma. Fedha inayorudi hukopeshwa tena. Basi jibu la swali la kwanza ni hili: deni ni la aliyekopa, lakini fedha ni ya mwanafunzi anayengoja zamu. Huenda mwanafunzi huyo ni mtoto wa dada yako.

Sasa swali la pili: deni hukua vipi? Hapa watu wengi wamechanganyikiwa, na si ajabu, kwa sababu sheria imebadilika. Tuseme kijana mmoja, naye ni wa mfano tu, anadaiwa shilingi 9,000,000, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 800,000 kwa mwezi. Zamani mwajiri alikata asilimia 8, yaani shilingi 64,000. Lakini ilikuwapo pia tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Asilimia 6 ya 9,000,000 ni shilingi 540,000. Kwa mwaka mzima kijana alikatwa shilingi 768,000. Toa 540,000 za tozo, zinabaki 228,000 tu za kupunguza deni lenyewe. Ndiyo maana watu walilipa mwaka baada ya mwaka, na walipouliza salio waliliona limesimama pale pale kama mlima.

Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, makato yakapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Kwa kijana wetu ni shilingi 120,000 kila mwezi. Wafanyakazi wengi walilalamika, na kwa haki, maana mshahara huo huo hulisha nyumba na kusaidia wazazi. Kisha siku ya wafanyakazi, Mei mosi mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kule Mwanza kwamba ile tozo ya asilimia 6 inafutwa. Mwaka huo huo ilifutwa na adhabu ya asilimia 10 waliyotozwa waliochelewa kuanza kulipa.

Shika neno hili vizuri: kilichofutwa ni tozo, si mkopo. Wako waliosikia nusu ya habari wakadhani deni limekwisha. Na wako wengine walio katika kosa la kinyume. Hao waliona salio lao zamani, wakaogopa, wakafunga macho, na mpaka leo wanaogopa tozo iliyokwisha kuondolewa. Piga hesabu tena. Shilingi 9,000,000 kwa shilingi 120,000 za kila mwezi, bila tozo kuongezeka, ni miezi 75, yaani miaka 6 na miezi 3. Si muda mfupi, lakini una mwisho.

Twende swali la tatu. Kijana wetu sasa ameacha kazi ya mkataba, amerudi Lembeni, analima nyanya na vitunguu. Anataka shilingi 3,000,000 za kununua pampu. Anakwenda benki mjini, anajaza karatasi, anangoja. Jibu linakuja: hapana. Anashangaa, kwa kuwa benki hiyo hajawahi kuikopa hata senti moja.

Sababu yake ni hii. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kanuni, zilizotolewa mwaka 2012, za taasisi zinazokusanya taarifa za wakopaji. Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet ni miongoni mwa zilizopewa leseni kwa kazi hiyo. Wanaokopesha hupeleka huko habari za nani amekopa, nani analipa, nani ameacha. Kabla ya kutoa mkopo, benki hutazama kwanza. Taasisi hizo hazikukatazi mkopo; zinaeleza tu mwenendo wako, na benki ndiyo inayoamua. Bodi ya Mikopo nayo imekwisha kuonya mara nyingi kwamba majina ya wadaiwa sugu hupelekwa huko, na kwamba mdaiwa sugu aweza kunyimwa ufadhili wa masomo ya juu au kufikishwa mahakamani. Majina yamewahi hata kutangazwa hadharani.

Tufikiri kidogo kama mwenye duka. Mtu anakuja kukopa sukari. Unamwuliza jirani yako mwenye duka la pili, naye anasema, huyu alichukua unga mwaka juzi na tangu siku hiyo hupita njia ya nyuma. Je, utampa? Huenda ni mtu mwema aliyepatwa na shida. Lakini wewe unachoona ni ile njia ya nyuma. Kutokuwa na fedha ni jambo moja, na kujificha ni jambo la pili. Na la pili ndilo linaloharibu jina zaidi.

Sasa swali la nne, nalo ndilo kubwa. Aliyechelewa afanye nini? Andika hatua hizi tano.

Hatua ya kwanza: uliza hesabu yako. Omba Bodi taarifa ya deni lako, kwa mtandao wao au kwa kufika ofisini. Yakupasa kuona mkopo wa mwanzo, ulicholipa na kilichobaki. Usilipe kwa kukisia, na usiogope kuuliza. Wazee wetu mwaka 1945 walikusanyika Same kwa maelfu juu ya kodi ya mbiru, wakitaka waelezwe inakadiriwa vipi. Kuuliza hesabu si ukaidi, ni haki ya mlipaji.

Hatua ya pili: linganisha. Kama uliajiriwa, toa hati zako zote za mshahara. Sheria inamtaka mwajiri aijulishe Bodi ndani ya siku 28 anapomwajiri mhitimu mwenye mkopo, na makato ayapeleke ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Lakini wako waajiri waliokata wasipeleke. Mfanyakazi anadhani analipa, kumbe Bodi haioni kitu. Hati ya mshahara ndiyo shahidi wako. Usiichome moto wala usifungie karanga.

Hatua ya tatu: anza kulipa. Aliyejiajiri, kwa sheria ile ya mwaka 2016, anatakiwa kulipa kiasi kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya pato lake linalotozwa kodi. Kwa mkulima wa Lembeni, mwaka wenye mvua chache, laki moja ni fedha nyingi. Basi kama huiwezi, usinyamaze. Nenda au andika barua, eleza hali yako, eleza unachoweza, na utunze nakala. Kuandika barua hakufuti deni, lakini mtu aliyeandika barua hajajificha.

Hatua ya nne: lipa kwa njia moja tu, yaani kwa namba ya malipo ya Serikali utakayopewa, katika benki au kwa simu. Mtu yeyote akikuambia umtumie fedha kwenye simu yake mwenyewe ili akusafishie jina, huyo ni mwizi. Hakuna karani wala wakala awezaye kulifuta deni kwa chai.

Hatua ya tano: safisha kumbukumbu. Unayo haki ya kuomba taarifa yako katika taasisi za taarifa za wakopaji, na ukiona kosa, una haki ya kudai lisahihishwe. Usitazamie kwamba leo umelipa na kesho benki itakukumbatia. Jina hujengwa mwezi kwa mwezi, kama lilivyoharibika mwezi kwa mwezi. Na utakapomaliza, dai cheti cha kumaliza mkopo, ukiweke pamoja na vyeti vyako vya shule.

Neno moja tena kwa wazazi. Mwanao alipoomba mkopo, fomu ilikuwa na mahali pa mdhamini, na huenda sahihi pale ni yako, mama, au yako, baba. Basi hili si jambo la mtoto peke yake. Mwulize, lakini usimwulize kwa hasira. Mwulize kama unavyomwuliza aliyekosa zamu ya ndiva: je, uliugua? Jembe lilivunjika? Njoo kesho, tutazoa tope pamoja. Maana vijana wengi wanaoitwa wadaiwa sugu hawakukataa kulipa. Walikosa kazi, wakaona haya, haya ikawa kimya, na kimya kikawa miaka kumi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Deni ni shilingi 6,000,000. Ukilipa shilingi 100,000 kila mwezi, utamaliza kwa miaka mingapi?

2. Ni tofauti gani iliyopo kati ya tozo kufutwa na mkopo kufutwa?

3. Katika kikundi chenu cha kuweka na kukopa, mwenzenu akishindwa kulipa, ni lini mnamwonea huruma na ni lini mnamwona mdanganyifu?

4. Je, yuko kijana katika ukoo wenu asiyejua anadaiwa kiasi gani? Nani atakwenda naye kuuliza?

Jibu la swali la kwanza ni miaka 5. Hayo mengine yajibuni wenyewe, kwa utaratibu, kila mtu kwa zamu yake. Kwa leo tuishie hapa. Usiku mwema.