Udongo wa Mfinyanzi Katika Ngazi za Pwani: Jina Moja, Tabia Mbili

Ukimwuliza mkulima wa pwani ya Kenya shamba lake lina udongo wa namna gani, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: ni mchanga, au ni mfinyanzi. Jibu la kwanza halina hatari kubwa. La pili limewatia wengi hasarani, kwa sababu chini ya jina hilo la udongo wa mfinyanzi mna udongo wa tabia mbili zinazopingana kabisa. Mtu aliyekulia juu ya mfinyanzi mwekundu wa karibu na bahari akinunua shamba la mfinyanzi mweusi kilomita chache tu upande wa bara, akapanda minazi na mikorosho kama alivyofundishwa na wazee wake, huenda asiujue ubaya wake mpaka miaka sita au saba ipite, maana mnazi mrefu wa kienyeji hauzai mapema. Kufikia hapo fedha zimekwisha tumika, na miche haiwezi kurudishwa dukani.

Ili kuufahamu udongo huu yapasa kwanza kuifahamu nchi yenyewe. Pwani yetu imejengwa kwa ngazi. Atokaye ufukoni kwenda bara hupanda kwanza ngazi ya chini, ambayo kwa sehemu kubwa haizidi mita 30 juu ya bahari. Hii ni ngazi ya mwamba wa matumbawe, ndio mwamba unaoibeba Fort Jesus pale Mombasa, ngome iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593. Akiendelea hufika ngazi ya pili, iliyo baina ya mita 60 na mita 135 hivi, na nyuma yake huona vilima kama vile Shimba, vipitavyo mita 400. Mwamba wa ngazi ya pili si matumbawe. Ni mawe laini ya tabaka tabaka, yaliyokuwa matope katika sakafu ya bahari ya kale, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Msafiri aendaye Mazeras hupita juu ya mawe hayo akisha kuiacha Changamwe.

Matumbawe ya ngazi ya chini hayakuota nchi kavu. Yaliota baharini, wakati maji yalipokuwa juu kuliko leo. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari za dunia zilikuwa juu kwa mita 6 hivi au zaidi. Kisha baridi kuu ilipoishika dunia, maji mengi yakaganda kuwa barafu, na miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa imeshuka kiasi cha mita 120 chini ya kiwango cha sasa. Mwamba ukabaki juu, ukipigwa na mvua. Maji ya mvua huwa na ukali kidogo, nayo huyeyusha chokaa polepole sana. Kisichoyeyuka hubaki katika mashimo na mianya ya mwamba pamoja na mchanga na vumbi lililoletwa na upepo, na chuma kilichomo hushika kutu na kuupa udongo rangi nyekundu. Ndiyo sababu katika ngazi ya chini shimo moja lina udongo wa kina cha mita nzima, na hatua tatu kando yake jembe linagonga jiwe.

Katika ngazi ya pili kazi imekwenda kwa njia nyingine. Matope ya kale yaliyokuwa mawe yanarudi kuwa matope. Mahali palipo tambarare, na mabondeni ambako maji hukawia, hupatikana udongo mzito wa kijivu, wa kahawia iliyoiva, au mweusi. Si kila mahali, bila shaka. Baina ya ngazi hizi mbili, hasa kuelekea kaskazini ya Malindi, kuna migongo ya mchanga mwekundu uitwao wa Magarini, ambao watu wasiochimba huudhania kuwa mfinyanzi kwa ajili ya rangi yake tu.

Sasa tuutazame mfinyanzi wenyewe. Wataalamu huita mfinyanzi chembe zile zilizo ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita, yaani milimita 0.002. Chembe hizi hazikufanana. Zimejengwa kwa kurasa nyembamba zilizopangwa kama kitabu. Namna ya kwanza ni kaoliniti, iliyopewa jina kwa ajili ya kilima cha Gaoling nchini China, ulikotoka udongo wa vyombo vya kauri. Kurasa zake zimeshikana imara, na maji hayapenyi kati yake. Namna ya pili ni montmoriloniti, iliyopewa jina la mji wa Montmorillon nchini Ufaransa. Kurasa za hii hazikushikana sana. Maji huingia baina yake na kuzisukuma mbali, na jua likiwaka hutoka, kurasa zikarudi pamoja. Gramu moja ya kaoliniti ina uso wa mita mraba 10 hadi 20. Gramu moja ya montmoriloniti, kurasa zote zikihesabiwa, hufikia mita mraba 700 au zaidi. Tofauti ya mashamba yetu mawili imo humo, wala haimo katika wingi wa mfinyanzi, kwani udongo mwekundu na mweusi huweza kuwa na kiasi kile kile cha mfinyanzi na bado usifanane kwa lolote.

Udongo mwekundu, ambao sehemu kubwa ya mfinyanzi wake ni wa namna ya kwanza, hubaki vile vile masika na kiangazi. Maji hupita, mizizi hupumua, jembe hulima siku mbili baada ya mvua. Upungufu wake ni kwamba hauwezi kushika chakula kingi cha mimea, na mbolea isiyozuiwa na samadi au majani yaliyooza huchukuliwa na maji.

Udongo mweusi una namna ya pili, na tabia yake ni ya ajabu. Wakati wa kiangazi, mwezi wa Februari na Machi, hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima huingia mpaka kwenye kiwiko. Vumbi na vipande vya udongo wa juu hutumbukia humo. Mvua za kwanza hushuka kwa haraka kupitia nyufa hizo, na mkulima hufurahi. Lakini baada ya siku chache udongo umevimba, nyufa zimefumba, na maji yanayoendelea kunyesha hayana pa kwenda. Ule udongo ulioangukia ndani nao unavimba, na kwa kukosa nafasi husukuma jirani zake kando na juu. Ukichimba shimo la mita moja utaona nyuso zenye kung'aa, zilizolala mshazari, kana kwamba zimepigwa msasa: ni mahali ambapo bonge limesugua bonge. Nguzo za ua hupinda, kuta za nyumba hupasuka pembeni mwa madirisha, na choo cha shimo kisichojengewa hubomoka. Mizizi ya miti michanga hukatwa na nyufa au hufa kwa kukosa hewa katika maji yaliyotuama.

Juu ya rangi yake, hapana budi kusema wazi kwamba weusi huu si dalili ya mboji nyingi. Udongo mweusi wa namna hii mara nyingi una mboji haba kuliko bustani ya kahawia iliyotiwa samadi. Ingawa hivyo, una akiba kubwa ya chakula cha mimea; ubaya wake ni maji na jembe, si njaa.

Kuupa udongo majina si mchezo wa watu wa maabara tu. Wakulima wa Unguja na Pemba walikuwa wameupanga udongo wao kwa Kiswahili tangu zamani: kinongo, ulio mwekundu juu ya mawe ya chokaa, uwanda na maweni, wenye mawe mengi na udongo haba, na kinamo, ulio mzito wa mabondeni, unaofaa mpunga. Wataalamu waliopima udongo wa visiwa hivyo waliyachukua majina hayo hayo. Bara, mwanakemia Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, alionyesha mwaka 1935 kwamba udongo mwekundu wa kilimani na udongo mweusi wa mbugani hufuatana kwa utaratibu ule ule kutoka kilima hadi kilima, akaufananisha na mnyororo. Mwaka 1936 alitoa ramani ya kwanza ya udongo wa Afrika Mashariki.

Shida ilikuwa kwamba udongo mmoja ulikuwa na majina mengi duniani. Huko India mfinyanzi mweusi uliitwa regur, Moroko tirs, Tanganyika mbuga, na Kenya tukauita udongo wa pamba. Leo jina linalotumika kote ni Vertisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza, kwani hujigeuza wenyewe. Ili kuitwa hivyo, udongo lazima uwe na mfinyanzi usiopungua asilimia 30, upasuke kila mwaka, na uwe na zile nyuso zinazong'aa. Rangi haimo katika masharti hayo. Mfinyanzi mwekundu hupelekwa katika makundi mengine: Luvisoli, ikiwa mfinyanzi umeshuka na kuzidi katika tabaka la chini, au Feralisoli, ikiwa mvua za miaka mingi zimekwisha kuuchosha. Vertisoli peke yake hufunika hekta milioni 335 hivi duniani.

Mnunuzi wa shamba anaweza kujipimia mwenyewe. Achimbe shimo la kina cha mita moja, kwani mchanga wa juu huweza kuficha mfinyanzi. Achukue udongo wa kila tabaka, aulowanishe, auminye kati ya kidole gumba na cha shahada uwe utepe. Utepe ukipita sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Kisha afinyange vijiti viwili vya sentimita 10, kimoja cha udongo huo na kimoja cha udongo mwekundu anaoufahamu, avikaushe kivulini na kuvipima tena. Kinachojikunja na kufupika sana ndicho cha kuogopwa. Zaidi ya yote, aombe kuliona shamba kabla ya masika. Mwezi wa Juni nyasi na tope huficha nyufa zote.

Akikuta mwekundu wenye kina, minazi, miembe na mihogo vitamstahi. Ukiwa haba juu ya jiwe, mkonge huuvumilia, kama tuonavyo Vipingo. Akikuta mweusi, asiache shamba, bali aache mikorosho. Mpunga hupendezwa na maji yanayotuama. Mtama na pamba hustawi kukiwa na matuta mapana yenye mifereji kati yake, ya kuondoa maji. Alime mapema, udongo ukiwa na unyevu mdogo, maana ukikauka ni kama tofali, na ukilowa hunasa jembe na miguu.

Limebaki neno moja juu ya mfinyanzi wa mikoko, ulio chini ya ngazi zote. Huo hutamanisha kwa kuwa ni tambarare na mweusi. Lakini ndani yake mara nyingi kuna madini ya chuma na kiberiti, yasiyo na madhara maadamu yamefunikwa na maji. Ukikatwa mfereji na hewa ikaingia, hugeuka kuwa asidi kali, na hakuna mpunga utakaoota. Wakulima wa Uholanzi waliufahamu udongo wa namna hii, wakauita mfinyanzi wa paka. Dalili yake ni madoa ya manjano yaliyofifia kwenye kuta za mfereji mpya, na yakisha kuonekana, chokaa ya kuuponya hugharimu kuliko thamani ya shamba.